Meli Isikimbizwe

Serikali ilinileta Ringwani, kijiji cha upande wa Mugumu, kufundisha darasa la tatu, nikitokea Kagera, na wiki ya kwanza niliimaliza kwa kulia. Sikuona ndizi, sikuona ziwa. Niliona mihogo, na watu wanaokusalimia kwa sauti ya kugombana. Jioni moja akaingia kwangu mama mzee bila hodi, akafunua sufuria yangu, akaniuliza kama kwetu watu wanakula mgomba mzima au wanabakiza mizizi. Nikamjibu kwa hasira, "Kwetu watu wanapiga hodi." Akacheka mpaka akakaa chini. Huyo ndiye Bibi Waisiko, jirani yangu, na tangu siku hiyo mpaka tulipomzika hatukuacha kugombana wala kupendana.

Naeleza habari zake kwa sababu wanaozieleza siku hizi wanazieleza vibaya. Wanasema alikuwa kikongwe mbishi aliyekalia shamba la dhahabu huku vijana wanalala njaa. Mbishi alikuwa, sikatai. Lakini anayetaka kujua alibishana na nini, asikilize mpaka mwisho.

Mume wake alifia Nyamongo, siku zile za mwanzo za dhahabu, watu walipokuwa wanachimba kwa sululu na kushuka kwa kamba. Duara, yaani shimo la wachimbaji, lilimfunika yeye na wenzake, na wengine hawajatolewa mpaka leo. Alimwachia Waisiko mabinti wawili na shamba la mteremkoni. Mtoto wa kiume hakumwachia, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwa watu wa huku, kama nilivyokuja kujifunza, nyumba isiyo na mtoto wa kiume huhesabiwa imezimika. Ndugu wa mume huanza kuipima kwa macho hata kama mwenyewe bado anapika ndani yake.

Waisiko hakukubali kuzimwa. Mabinti walipoolewa, ng'ombe wa mahari aliwapokea kwa mkono huu, akawatoa kwa mkono ule kumuoa binti mmoja aitwaye Ghati. Ndiyo, mwanamke alimuoa mwanamke. Huku wanaita nyumba ntobhu, na anayeona ajabu aje aulize kwa adabu. Ghati aliolewa kwa jina la mtoto wa kiume ambaye Waisiko hakuwahi kumzaa, ili azae watoto wa nyumba ile. Akajaliwa mmoja tu, wa kiume, Simioni. Siku alipozaliwa, Bibi alitoka uani akapiga vigelegele akiwa ameelekeza mdomo nyumbani kwa ndugu za mumewe, makusudi, wasikie vizuri.

Mtoto huyo alilelewa na sheria moja: dhahabu hapana. Vijana wa rika lake walikwenda Nyamongo kama nzige. Wengine walirudi na pikipiki na miwani ya jua, wengine walirudishwa wamefungwa kwenye blanketi. Simioni alipoanza kuwaangalia wenye pikipiki kwa macho ya tamaa, Bibi alimshika mkono akampeleka Mugumu kwa Athuman, fundi mmoja mwenye asili ya Tanga aliyekuwa akitengeneza mashine za kusaga. Athuman alikuwa na kaka yake Dar es Salaam, mtu wa melini, na baada ya miaka kadhaa ya grisi na spana kaka huyo ndiye aliyempokea kijana na kumtafutia chuo, kisha kazi katika chumba cha injini cha meli kubwa za mizigo.

Bibi hakuwahi kuiona bahari. Alimuuliza Athuman swali moja tu. "Huko wanachimba?"

"Hawachimbi, Bibi."

"Basi aende."

Nilimfahamu Simioni kwa simu kabla ya kumfahamu kwa sura, maana simu yake Bibi haikukaa na chaji hata siku moja, na yangu ndiyo iliyokuwa simu ya nyumba zote mbili. Alipokuja likizo nikaona kijana mrefu, mpole, mwenye kucha zisizotakata. Watu walijaa uani kumsikiliza. Mtu aliyeuona upande wa pili wa dunia si kila siku unampata bure.

Jioni ile alituambia kazi yake imebadilika. "Zamani meli zilikimbia tu," alisema. "Bomba linatapika moshi mweusi mchana kutwa, na hakuna aliyejali, maana baharini nani anaona? Sasa dunia imechoka na ule moshi. Tumeambiwa tupunguze mwendo. Ukipunguza kidogo tu, mafuta yanapungua sana, na moshi pia. Tunakwangua makome yanayojishika chini ya meli, yanaizuia isiteleze. Tukikaribia miji ya watu tunabadilisha mafuta, tunachoma yaliyo safi zaidi. Kuna bandari tukifika tunazima mpaka jenereta, tunavuta umeme wa nchi kavu."

"Ngoja, mura, kijana," alisema Matiko. Huyu Matiko alikuwa mtoto wa ndugu wa marehemu mume wa Bibi, mtu wa makamo, mnene, mwenye kicheko kizuri na roho nyingine kabisa. "Unataka kuniambia unalipwa kwa kwenda polepole? Basi ng'ombe wangu wote ni mainjinia."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mmoja akadakia kwamba haraka haraka haina baraka, kumbe ni sheria ya meli, na Simioni akacheka nao. Bibi peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia shamba lake la ulezi, ambalo mwaka ule lilikuwa limekaukia shingoni, kwa sababu vuli ilikuja siku mbili ikaondoka.

"Huo moshi," aliuliza, "unakwenda wapi?"

"Unapanda, Bibi. Unakaa juu. Ukijumlishwa na wa magari na wa viwanda vya dunia nzima, joto linaongezeka, majira ya mvua yanavurugika."

Katika maelezo yote hayo Bibi alichukua mawili: moshi na mvua. Magari na viwanda vya dunia nzima aliviacha palepale uani, hakuviingiza ndani. Kuanzia siku ile mjukuu wake alikuwa mtu anayetengeneza mvua. Wingu likikaa vizuri alisema, "Leo wamekwenda taratibu." Jua likichoma, alikuja kwangu bila hodi. "Mwalimu, mpigie. Mwambie wenzake wanakimbiza."

Nilijaribu kumsahihisha, mimi ni mwalimu, ndiyo kazi yangu. "Bibi, meli ni maelfu na maelfu. Hii ya Simioni ni moja tu."

"Na wanafunzi wako ni wangapi?"

"Sabini na kitu."

"Akipiga kelele mmoja, unamwacha kwa sababu ni mmoja?"

Nilimgeuzia mgongo nikarudi kwenye madaftari yangu, nimekasirika. Kwa hiyo alitembea kijiji kizima, kanisani, mnadani, kisimani, akieleza habari za mjukuu wake anayeshika mwendo wa meli ili watu wa Ringwani wapate kuvuna. Wengine walimcheka kisogoni. Wengine, nawajua kwa majina, walimwomba amsalimie Simioni na kumwambia wao wamepanda mapema.

Kisha dhahabu ikatufuata nyumbani. Watu walikuwa wanachimba choo, upande wa chini wa kitongoji chetu, wakakutana na jiwe lenye mng'ao. Haikupita wiki, ikawa rashi, kama wachimbaji wanavyouita mlipuko wa namna hiyo. Walitoka Nyamongo, walitoka Tarime, walitoka Geita, wakasimamisha maturubai kwenye viwanja vya watu. Bodaboda zikajaa, chipsi zikaja, muziki ukaja, na darasa langu la wanafunzi sabini na kitu likabaki nusu. Mwamba ule, walisema wenye kujua, ulikuwa unapanda mteremko kuelekea shamba la Bibi Waisiko.

Bibi alichukua kigoda chake akakiweka mpakani, na panga akalilaza mapajani. Hakumtukana mtu. Alikaa tu, kila siku, kama mlinzi wa benki asiye na mshahara. Matiko alikuja kumbembeleza mara kwa mara, kwanza peke yake, halafu na watu wenye magari.

"Mama mkubwa, hii ni bahati ya ukoo."

"Ukoo ulishapata bahati Nyamongo," alimjibu. "Baba yako mkubwa yuko chini kule mpaka leo. Nenda kamtoe kwanza, halafu uje tuongee."

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana ndilo lililotuumiza. Katika ukoo ule, nilivyoelezwa na nilivyoona mwenyewe, mwanaume anayetangulia kutupa udongo kaburini ndiye anayetambuliwa kuwa mwenye mji ule, yaani boma na shamba lake. Bibi alijua. Ghati alijua. Matiko alijua kuliko wote. Ghati hakuolewa ili Bibi apate wa kumchotea maji. Aliolewa ili siku hiyo moja awepo Simioni wa kushika udongo, nyumba isimame, shamba libaki shamba. Ng'ombe wote wale, maneno yote yale ya watu, miaka yote ile, vilikuwa kwa ajili ya siku hiyo.

Masika yalikuwa yanaanza Bibi alipovimba miguu. Akavimba na tumbo, akawa halali ila ameketi. Tulimpeleka Mugumu hospitalini kwa gari la kukodi, mimi na Ghati, yeye akilalamika njia nzima kwamba kigoda kimebaki peke yake. Daktari alituita pembeni, akatuambia moyo umechoka, watajitahidi, lakini kama kuna mtu wa kuitwa, aitwe. Ghati alinishika mkono akaubana mpaka nikasikia maumivu. Ghati si mtu wa machozi, lakini siku ile hakuniachia mpaka tuliporudi kitandani kwa Bibi.

Meli ya Simioni ilikuwa imetoka Brazil na shehena ya mawe ya chuma, inaelekea mashariki ya mbali kwa kuzunguka chini ya Afrika. Siku hizi melini kuna mtandao, kwa hiyo tulimpata. Alitupigia tena baadaye, sauti yake imebadilika. Alikuwa amezungumza na nahodha, Mfilipino mmoja mtu mzima aliyekuwa na mama yake mgonjwa pia. Nahodha alisema wakifika mbele ya Cape Town atapunguza mwendo zaidi, boti ije imchukue, apande ndege. Na akasema jambo la pili, ambalo Simioni alitaka kumwambia Bibi mwenyewe.

Niliiweka simu kwenye spika, nikaishika karibu na mto wake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mura wane. Uko wapi?"

"Katikati ya maji. Nchi haionekani upande wowote."

"Mnakwenda?"

"Tunakwenda, Bibi."

"Taratibu?"

"Taratibu. Bibi, sikiliza. Nahodha yuko tayari kuwaomba wenye meli ruhusa tuongeze mwendo. Injini inaweza, mimi naijua. Wakikubali, nitafika nyumbani siku kadhaa mapema."

Bibi alifumba macho nikadhani amesinzia. "Mkiongeza mwendo, moshi unaongezeka?"

"Unaongezeka."

"Sana?"

Simioni hakujua kusema uongo, ndiyo ilikuwa shida ya kijana yule. "Sana, Bibi. Mwendo ukizidi kidogo, mafuta yanazidi mno."

"Basi hapana."

"Bibi!" Hiyo ilikuwa sauti yangu, na wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka. "Mwache mtoto aje! Mvua itanyesha yenyewe!"

Aliniangalia jinsi alivyokuwa akiniangalia kila nilipokosea kupika ugali. "Mwalimu, ulezi umeota. Ghati kaniambia asubuhi. Umetoka mzuri, umesimama kama nywele za mtoto mchanga, na shamba la jirani hivyohivyo, na la yule wa kule chini hivyohivyo. Niharibu mvua ya watu wote kwa sababu mimi naumwa miguu? Watasemaje? Watasema Waisiko alipokuwa mzima alituambia meli ziende taratibu, alipougua yeye akaamuru zikimbie." Akavuta pumzi, ikamchukua muda. "Meli isikimbizwe."

"Bibi, nisipofika?" Simioni aliuliza.

"Utanikuta. Nimesubiri mtoto wa kiume tangu nikiwa na meno yote, nitashindwa kusubiri meli?"

Nilisikia kule kwake mngurumo wa injini, mzito, wa sawasawa. Kisha nikamsikia anaanza, "Bibi, ule moshi…" halafu akaishia hapo. Bibi alikuwa anatabasamu. Alikuwa na uso wa mtu aliyefanya jambo kubwa, na kweli alikuwa amelifanya, kwa akili yake na kwa moyo wake wote.

"Sawa, Bibi," alisema Simioni. "Haitakimbizwa."

Nilitoka nje na simu yangu, nikampigia palepale kwenye korido, nikamshambulia. "Mwambie ukweli! Mwambie moshi wa meli moja kwa siku chache haumnyimi mvua hata kuku wa Ringwani!"

"Mwalimu," alisema, na nikasikia analia, "nimwambie leo? Akiwa kitandani? Nimwambie kazi yangu ambayo ametembea akiwaeleza watu haimfikishii hata tone moja shambani kwake?"

"Basi mdanganye! Mwombe nahodha, mkimbie, yeye atajuaje?"

"Ataniuliza. Kila siku ataniuliza kama tunakwenda taratibu. Na ukimuongopea anajua kwa sauti."

Nilikata simu. Familia nzima ya vichwa vya mawe, nilijisemea, na nikakaa kwenye benchi la hospitali nikalia kwa hasira na kwa huzuni, sijui kipi kilizidi.

Aliuliza kweli. Kila siku nilimshikia simu, na kila siku alimuuliza, na Simioni akamjibu taratibu, Bibi, taratibu. Sauti yake Bibi ilizidi kuwa ndogo. Siku ya mwisho hakuweza kuuliza, alisogeza midomo tu, na mimi ndiye niliyeuliza kwa niaba yake. Simioni akajibu. Alfajiri ya siku iliyofuata akakata roho, Ghati akiwa amemshika kichwa, na meli bado ilikuwa baharini, haijaiona hata taa ya Cape Town.

Kifo cha mtu kama yule kinauma pabaya. Nilirudi nyumbani kufuata nguo, nikasimama jikoni kwangu nikingojea aingie bila hodi. Mpaka leo mlango huo nauacha wazi jioni, najua ni ujinga, na nauacha.

Ukoo ulikaa kikao siku ileile. Ghati alipiga magoti mbele ya wazee, mwanamke mtu mzima, akaomba mwili ubaki Mugumu mpaka mwanawe afike. Aliwaambia Simioni yuko njiani, boti imeshapangwa, tiketi imeshapatikana. Wazee wawili walionyesha kulegea. Matiko akasimama, na safari hii hakuwa na kicheko.

"Shemeji, tunakuonea huruma. Lakini mama mkubwa si samaki wa kukaa kwenye barafu akisubiri meli. Na hiyo meli si wenyewe mmetuambia inakwenda polepole? Kwa hiari yake? Mtu ambaye anaweza kukimbia na hakimbii, huyo ana haraka ya kuzika?"

Aliyatumia maneno ya Bibi mwenyewe kumpiga nayo. Nilisimama nikasema kwa sauti kwamba huo ni unyama, kwamba kila mtu pale anajua anachokitafuta. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Mwalimu, wewe ni wetu, lakini kwa jambo hili ni mgeni." Nikakaa. Wakapanga Jumamosi.

Jumamosi tulimzika nyuma ya nyumba yake, juu kidogo ya shamba. Ulezi ulikuwa umefika kwenye vifundo vya miguu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, ardhi ilikuwa laini, na Matiko aliinama akachota udongo kwa mkono wa kulia, akautupa. Ulianguka juu ya sanduku, tukausikia. Ghati hakupiga kelele. Alisimama akiuangalia mkono wa Matiko, akauangalia mpaka watu walipoanza kuondoka. Mimi nilijua kwamba maisha yake yote ya ndoa yaliishia kwenye ule mkono.

Jumatatu wachimbaji waliingia shambani. Hawakuvunja uzio, walikaribishwa na mwenye mji. Ghati alikwenda kushtaki kwenye baraza la kata, akaambiwa shauri lina upande wa ukoo na upande wa sheria, arudi na mwanawe baraza litakapokaa tena, baada ya masika. Aliporudi nyumbani mashimo yalikuwa yameanza, na karasha lilikuwa limesimamishwa chini ya kaburi. Karasha ni mashine ya kusagia mawe, na hili lilizungushwa na injini ya dizeli ya zamani, iliyochoka, iliyokuwa inatoa moshi mweusi kama tairi linaloungua. Upepo wa pale hupanda mteremko. Moshi wote ulikwenda kaburini.

Simioni aliletwa na bodaboda kutoka Mugumu, Alhamisi mchana, na begi lake la melini. Nilikuwa nimekaa na Ghati uani. Hakusalimia. Alimkumbatia mama yake, wakakaa hivyo muda mrefu, halafu akaenda nyuma ya nyumba na sisi tukamfuata kwa mbali. Alipiga magoti kwenye udongo ambao ulikuwa bado haujakauka. Moshi ukamfunika, akakohoa, akapunga mkono mbele ya uso, ukarudi.

"Ilikuwa meli moja, Bibi," alisema. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anamwambia mtu aliyekaa karibu. "Moja tu. Ungeniruhusu. Isingeharibu kitu, Bibi, isingeharibu hata jani moja. Nilitakiwa nikwambie."

Akarudia hivyo, moja tu, moja tu, mpaka Ghati akaziba masikio. Sijawahi kuona mtu amechoka kama alivyokuwa amechoka kijana yule. Alikuja kwa meli, kwa boti, kwa ndege, kwa basi na kwa pikipiki, na alikuwa amechelewa tangu alipokuwa bado hajaanza safari.

Kisha akainuka, akashuka mteremko kuelekea karasha. Vijana wa pale walimwona anakuja, mrefu, macho mekundu, wakaacha kazi, na mmoja akaokota nyundo akidhani pana vita. Mimi nilitamani iwe vita. Nasema ukweli, niliomba Mungu Simioni aichukue ile nyundo aipasue ile mashine vipande vipande, na ningemsaidia kwa mikono yangu ya ualimu.

"Zimeni," aliwaambia.

Wakazima.

"Nani ana spana?"

Wakatazamana, mmoja akamletea. Simioni akachuchumaa, akafungua chujio la hewa, akalikung'uta likatoa vumbi debe zima. Akafungua nozeli inayopulizia mafuta, akaiosha kwa dizeli, akaiangalia kwenye mwanga, akaifuta kwa shati lake, akairudisha. Alikaza, akasikiliza kwa vidole, akalegeza kidogo. Mikono yake ilifanya kazi kwa upole kana kwamba anamuuguza mtu. Akawaambia wawashe. Injini ikakohoa mara moja, ikatoa fundo jeusi la mwisho, halafu ikatulia. Kwenye bomba pakabaki hewa inayotetemeka tu, na kule juu kaburi likaonekana safi.

Vijana walishangilia. Yule wa nyundo alimshika mkono akautikisa. "Aisee fundi, ubarikiwe! Hii ilikuwa inatumaliza kwa dizeli, jioni tunazima kwa kukosa mafuta. Sasa hata usiku itapiga kazi."

Simioni aliitikia kwa kichwa, akamrudishia spana yake. Ghati aligeuka akaingia ndani, na nilimsikia analia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Mashine ile ilisaga usiku ule mpaka asubuhi, bila moshi, na kabla masika hayajaisha ilikuwa imelimaliza shamba lote.